Kusikia na Kufahamu

Mwana wa nyumbani kwetu, ambaye sasa ametimiza miaka 9, alihifadhi sura 12 za mwisho wa Msahafu kabla hajapata kuitika akiitwa jina lake. Alizipata kwa sikio tu, kwa kukaa karibu na nduguze waliokuwa wakidurusu jioni, naye alizisoma kwa mahadhi yale yale ya maalim wao. Hata kikohozi cha maalim alikitia mahali pake. Majirani walifurahi, wakasema kuwa huyu atakuwa sheikh. Walakini ukimwambia, "Niletee kikombe," alikutazama mkono, au hakukutazama kabisa, akaenda zake dirishani kuchezea kamba ya pazia. Wakati huo alikuwa na miaka 4. Hakuwa akiomba maji. Akiona kiu alikuja akakushika kifundo cha mkono, akakuvuta mpaka penye mtungi, akakuacha hapo kama mtu aegemezavyo ngazi.

Hatuandiki khabari hizi kwa kutaka kuhurumiwa. Twaandika kwa kuwa katika nyumba nyingi za jamaa zetu wamo watoto wa namna hii, nao wamepewa majina mengi: bubu, jeuri, mwenye pepo, mtoto aliyebadilishwa. Tena twaandika kwa kuwa jambo lililotushughulisha sisi kuliko yote halikuwa kusema kwake, bali kufahamu kwake. Watu wakija kututazama huuliza, "Je, ameanza kusema?" Ni wachache mno waulizao, "Je, afahamu anayoambiwa?" Na mambo hayo mawili si mamoja.

Hali hii kwa Kiswahili cha leo huitwa usonji. Waarabu huiita tawahhud, yaani kuwa peke yako, na jina la Wazungu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa nayo. Basi hakuna mtaa usio na mtu wa namna hiyo. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha mwaka 1943 khabari za watoto 11 aliowachunguza. Wa kwanza katika hao, Donald, angali mdogo sana alikuwa amekwisha kukariri Zaburi ya 23 na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya kanisa la wazee wake, na hali alikuwa hajui kujibu swali jepesi la nyumbani. Tulipoisoma habari hiyo, tulimwona mwana wetu na Juzuu ya Amma yake. Huyo Donald alikuja kufanya kazi katika benki, akaendesha gari lake, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Twalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wazee waliokwisha kukata tamaa mtoto angali na miaka 3.

Ama sababu yake, yamesemwa mengi yasiyofaa. Kuna zama wataalamu walipowalaumu akina mama, wakidai kuwa ubaridi wa mama ndio uliomfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Bruno Bettelheim alieneza maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, aliyekuwa mtaalamu na pia baba wa mtoto kama huyu, alikuwa amekwisha kuyapinga kwa hoja mwaka 1964. Leo hakuna mtaalamu wa maana asemaye hivyo. Kwetu sisi lawama zimekuja kwa njia nyingine, ya majini na husuda. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, maana wametajwa katika Kitabu. Tunalokanusha ni kumfukiza mtoto wa miaka 4 chini ya shuka hata akashindwa kuvuta pumzi, kisha baba akatoa ada ya mganga kwa fedha ambayo ingetosha kumpima masikio.

Na kumpima masikio ndiyo iwe hatua ya kwanza. Mtoto asiyeitika huenda hasikii, na hapo njia ya kumsaidia ni nyingine kabisa. Wetu alipimwa, akaonekana asikia vizuri mno. Hata mlio wa karatasi ya peremende alikuwa akiusikia kutoka chumba cha tatu. Basi ikabaki kujua ni kiasi gani cha maneno yetu kilichokuwa kikimfikia.

Hapo wazee wengi huhadaika. Mama atakwambia kuwa mtoto wake afahamu kila kitu, na dalili anayo: akimwambia, "Twende tukaoge," mtoto huenda bafuni. Lakini ukitazama utaona mama ameshika taulo, saa ni ile ile ya kila siku, na uso wake umeelekea mlango wa bafu. Mtoto amefahamu taulo. Neno lingeweza kuwa lo lote. Sisi tulijaribu nyumbani kwa namna hii: tulisema maneno tukiwa tumefunga mikono nyuma, bila ya kutazama kitu kinachotajwa, na katika saa isiyokuwa yake. Katika maneno 40 tuliyodhani ayajua, 6 tu ndiyo aliyoyafuata.

Jaribio hilo lilitufaa sana chuoni. Maalim wake, ambaye hatutamtaja, ni mtu mwema, lakini alikuwa akimchapa. "Mtoto huyu," alituambia, "aisoma Alam tara yote bila ya kukosa herufi, na nikimwambia kaa, hakai. Hii si ila ni jeuri, bwana." Tukamwomba amwambie mbele yetu. Maalim akaonyesha mkeka kwa kidole, akasema, "Kaa!" Mtoto akakaa. Tukamwinua, tukamwomba maalim afunge mikono yake nyuma, atazame ukutani, na aseme neno lile lile kwa sauti ile ile. Mtoto akasimama tu akipepesa vidole. Maalim akarudia mara tatu. Kisha akatuuliza polepole, "Sasa hizi sura anazosoma, hajui maana yake?" Tukamjibu kuwa hajui. Maalim akacheka kidogo, akasema, "Basi hapo yeye na wenziwe wote ni sawa."

Neno hilo lilikuwa la mzaha, lakini twaona lina uzito, na laiti vyuo vyetu vingelifikiria. Siku nyingine tutaliandikia. Muhimu ni kuwa tangu siku ile fimbo iliondoka. Maalim alimwekea mahali pake pa kukaa, akaweka alama ya chaki sakafuni, akampa kijana mkubwa mmoja wa kukaa naye.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Mwenye kutuongoza alikuwa mtaalamu wa tiba ya usemi tuliyekuwa tukimwona mara moja kwa miezi miwili, kwa kuwa wataalamu hao ni haba katika nchi zetu. Siku nyingine zote mwalimu alikuwa ni bibi yake, mama mzaa baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Jambo la kwanza ni kupunguza maneno. Sisi Waswahili twapenda kusema, na twapenda heshima katika kusema. Humwambia mtoto, "Hebu baba, nenda kule ndani ukaniletee kile kikombe cha babu kilichokuwa juu ya meza." Katika mlolongo huo mtoto wa namna hii hupotea kabla ya kufika penye kikombe. Tulianza na "Kikombe," huku tukikionyesha. Baadaye, "Lete kikombe." Ilipopita miezi, "Lete kikombe cha babu." Neno lilizidi moja tu kila mara, na halikuzidi mpaka la nyuma lilipokwisha kukaa.

La pili ni kungoja. Mtoto huyu husikia neno, akalichukua kwa mwendo wake. Nasi kabla hajafika twamtupia la pili na la tatu, kila moja likifuta la mbele yake. Mtaalamu alituambia tungoje sekunde kumi. Nani aliye na subira ya sekunde kumi? Bibi yake ndiye aliyepata hila. Alisema neno lake mara moja, kisha akavuta tasbihi yake punje kumi, kimya, ndipo akalisema tena kwa maneno yale yale bila ya kuyageuza. Siku moja tulimsifu kwa hila hiyo, akatujibu kuwa si yake, kwani hamkusoma, alituuliza, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akisema kwa utulivu hata mtu angeweza kuyahesabu maneno yake, na kuwa alikuwa akilirudia neno mara tatu lipate kufahamika? Nasi tumelisoma tangu utotoni. Lililobaki ni kulifanya mbele ya mtoto anayepiga kelele na chakula kinaungua jikoni.

La tatu lahusu lugha yetu yenyewe, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu vitabu tulivyopewa vilikuwa vya Kiingereza na havikutueleza. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. "Nitakupa" ni neno moja, nalo lina mtoaji, wakati ujao, mpokeaji na tendo. Tena ukanusho wetu hujificha. Ukisema "Usikimbie," sauti huangukia mwisho, na kinachomfikia mtoto ni "kimbie". Ile "si" ndogo ya katikati imekwisha kupita. Akikimbia, si mkaidi, ametii alichosikia. Sisi tukaacha kumkataza kwa "usi-", tukawa twamwambia lile tunalolitaka: badala ya "Usikimbie," "Tembea", badala ya "Usimwage," "Shika kwa mikono miwili."

Neno tulilolitia bidii kuliko yote lilikuwa "Simama." Nyumba yetu haiko mbali na bahari, na watoto wa namna hii wengi huvutwa na maji bila ya kujua hatari, wazee wengi wamefiwa kwa njia hiyo. Mwana wetu alikuwa akiona mlango wazi hufuata njia ya ufukoni mbio, na ukimwita jina mara mia hageuki. Tulifanya mchezo uani: twatembea naye mkono kwa mkono, tukisema "Simama" twasimama wote papo hapo, kisha "Haya" twakwenda. Kila siku kabla ya magharibi. Kisha tukamwachia mkono. Kisha tukawa mbali naye hatua tano, hatua ishirini. Kisha barabarani, kwani neno lililofahamika uani halifahamiki barabarani ila lifundishwe upya huko. Kazi hiyo ilituchukua miezi 7. Mpaka leo komeo la mlango liko juu, wala hatukulishusha kwa kutegemea neno.

Kadhalika kuna kitenzi "piga". Twapiga pasi, twapiga simu, twapiga picha, twapiga mswaki, twapiga hodi. Shangazi yake alimwambia siku moja, "Mpigie babu simu," naye akaichukua simu akampiga nayo babu yake begani. Babu alikasirika, shangazi akalia kwa kicheko. Lakini mtoto alikuwa amefuata maneno kama yalivyosemwa. Tangu hapo tulisema, "Zungumza na babu kwa simu," na mafumbo yote tuliyaweka kando, pamoja na zile "mtoto ana mkono mrefu" na "macho yamemtoka". Hayo huja baadaye, na kila moja hufundishwa peke yake.

Jambo jingine liliwatatiza ndugu zake. Akitaka uji alisema, "Unataka uji?" Wao wakamjibu, "Sisi hatutaki." Naye akalia. Kanner aliliandika jambo hilo pia: mtoto hujiita "wewe" na humwita mwenziwe "mimi". Ukifikiri, sababu ni wazi. Siku zote uji ulipokuja ulikuja na maneno "Unataka uji?", basi kwake hayo ndiyo jina la uji. Kumsahihisha kwa kumwambia "Sema: nataka" hakufai, maana ataurudisha mwangwi mzima, "Sema nataka." Tulimweka dada yake nyuma yake. Mama akiuliza, "Unataka uji?" dada husema kwa sauti ya upole kama kwamba ni yeye mtoto, "Nataka uji," na uji huja. Baada ya muda dada aliondoka, "nataka" ikabaki.

Na huko kurudia maneno kama mwangwi, ambako watu hukucheka, hakukosi maana. Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1981 kuwa mwangwi wa watoto hawa hufanya kazi nyingi: kuomba, kukubali, kushika zamu ya maneno, kujikumbusha. Wetu alikuwa akisema "Karibuni wageni" kila alipotaka kutoka nje, hata nyumba ikiwa tupu. Mlango ulipofunguliwa ndivyo tulivyokuwa tukisema. Aliyeijua tafsiri hiyo alimfungulia, naye akasema mbele yake, "Nje. Twende nje."

Picha nazo zilisaidia. Huko North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenziwe walianzisha mwaka 1972 mpango wa jimbo zima wa kuwafundisha watoto hawa kwa kuwapangia siku yao ionekane kwa macho. Kwani neno likisemwa hupotea hewani, na picha hukaa. Sisi tulikata maboksi ya kadibodi, dada yake akachora uji, chuo, bafu, kitanda, tukatundika kwa misumari minne kwa taratibu ya siku. Jambo likimalizika picha yake hushushwa. Vilio vya asubuhi vilipungua sana, maana nusu ya vilio vile vilikuwa ni khofu ya kutojua nini kifuatacho.

Wako waliotushauri tuache Kiswahili na tumsemeshe Kiingereza peke yake, ati lugha mbili zitamchanganya na shuleni hutakiwa Kiingereza. Mmoja wao alikuwa mtu wa elimu, nasi twamheshimu, ila katika hili hatukumfuata. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikuona kuwa watoto wenye usonji waliolelewa kwa lugha mbili wamerudishwa nyuma na lugha hizo. Tena bibi yake hajui Kiingereza. Kumwondolea mtoto lugha ya nyumbani ilikuwa ni kumwondolea mwalimu wake aliye bora kuliko wote.

Kuwa mzazi aweza kufundishwa kazi hii si dhana yetu. Nchini Uingereza watafiti waliwagawa watoto 152 wenye usonji. Wazee wa baadhi yao walikuwa wakipigwa picha za video wakicheza na watoto wao, kisha wakaonyeshwa ni wapi walipofuata nia ya mtoto na wapi walipoikatiza. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2010. Mwaka 2016 jambo hilo hilo, likiwa limerahisishwa, lilichapishwa kutoka Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistani, kwa watoto 65, na waliowafundisha wazee hawakuwa madaktari bali ni wafanyakazi wa kawaida waliopewa mafunzo. Wazee walijifunza kufuatana na watoto wao, na watoto wakazidi kuanzisha mazungumzo wenyewe. Haikuwa dawa ya kuponya, wala waandishi wake hawakudai hivyo. Lakini Rawalpindi si London, na nyumba za huko zafanana na zetu kwa wingi wa watu na kelele.

Neno moja kwa jamaa na wageni. Wako watoto wengine ambao hawasemi kabisa, na hufahamu mengi kuliko tunavyodhani. Basi isemwe kwa hadhari barazani, na mtoto amekaa pale akizungusha gurudumu la kigari: "Maskini, huyu ndiye yule?"

Mwana wetu sasa hujibu "nani" na "wapi" na "nini". "Kwa nini" bado. Ukimuuliza hurudia swali lako, au hukwambia jina la mahali. Mwaka huu twamfundisha "kwanza" na "kisha", "kabla" na "baada", na tumeona kuwa udhu wafaa kwa kazi hiyo kuliko picha zote tulizotundika, kwa sababu haugeuki: mikono, kisha kinywa, kisha pua, kisha uso. Humwuliza bibi yake akiwa na birika mkononi, "Baada ya uso?" naye hunyoosha mkono wa kulia akajibu, "Mkono." Neno likiwa kwenye viungo vyake alifahamu. Likihusu siku, kama vile "baada ya kesho twaenda Pemba," bado huenda akavaa viatu papo hapo akangoja mlangoni. Nasi humwekea picha ya jahazi msumari wa tatu, na msumari wa kwanza na wa pili picha ya kitanda, alale mara mbili.